Tabaka za digrii 45 si mzigo wa bure

Hoja hii hurudi kila bei ya nyuzi za kaboni inapopanda: mzigo unavuta bamba upande mmoja, kwa nini basi tulaze tabaka nyingine za nyuzi kwa digrii 45 na 90 kutoka mwelekeo wa mzigo? Ina uzito. Bamba la nyuzi za kaboni aina ya T300 zilizogandishwa kwa resini ya epoksi aina ya 5208, tabaka zote zikiwa digrii 0, yaani sambamba na mzigo, lina ukakamavu wa gigapaskali 181 na hukatika karibu na megapaskali 1,500. Zigawe tabaka hizohizo sawasawa kati ya 0, +45, -45 na 90, ukakamavu unashuka hadi 70, kama wa alumini. Bamba ni jepesi, chini kidogo ya asilimia 60 ya uzito wa alumini, lakini aliyelipia kaboni ana haki ya kuuliza pesa zake zimekwenda wapi. Na kwenye panga la mtambo wa umeme wa upepo, kanda kuu zinazobeba mpindo hulazwa nyuzi karibu zote kwa urefu wa panga. Ni sawa kabisa. Mzigo wake unajulikana.

Ila ile 1,500 ni ya nyuzi zilizonyooka kabisa na mzigo. Kwa kanuni ya Tsai-Hill, inayokadiria bamba la nyuzi litakatika kwenye mzigo gani, mzigo ukienda upande kwa digrii 5 tu, bamba hilohilo hukatika kwenye 690 hivi. Kwa digrii 10, kwenye 370. Robo tatu ya nguvu imepotea na hakuna uzi hata mmoja uliokatika! Kinachoachia ni resini: bamba hili hustahimili mkato, yaani nguvu inayotelezesha nyuzi moja kando ya nyingine, wa megapaskali 68 tu, na likivutwa kukingama nyuzi, 40. Digrii 5 kwenye kipande cha sentimita 20 ni kosa la milimita 17, na fundi anayelaza kitambaa juu ya kalibu yenye mbinuko hulifikia bila kujua. Tabaka za 45 ndizo zinazobeba mkato huo. Zitoe, na bolti itachomoa kipande cha bamba kuanzia kwenye tundu hadi ukingoni, hata ukiusogeza ukingo mbali.

Anayezipanga vibaya naye asilaumu pembe. Lazima mpangilio wa nusu ya juu uwe kama wa nusu ya chini unavyoonekana kwenye kioo. Bamba la tabaka mbili tu, 0 na 90, likitoka kwenye tanuri la nyuzijoto 180, hujikunja linapopoa, kwa sababu kaboni karibu haisinyai kwa urefu wake lakini resini husinyaa. Kila +45 nayo idai -45 yake, la sivyo bamba likivutwa huenda mshazari. Ndege ya majaribio ya X-29 ya kampuni ya Grumman, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1984, ilitumia tabia ya namna hiyo kwa makusudi: mabawa yake yaliyoelekea mbele yangejisokota hadi kuvunjika, na tabaka zikalazwa kwa pembe ya kupinga msokoto.

Kwa mzigo wa upande mmoja, ningelaza asilimia 70 kwa 0, 20 kwa 45 na 10 kwa 90. Ukakamavu unabaki 136 hivi, karibu mara mbili ya alumini. Kwa tabaka 20 za milimita 0.125, nusu moja iwe +45/0/0/-45/0/0/0/90/0/0, kisha nusu ya pili uirudie kinyumenyume. Hapo hazikutani sifuri zaidi ya nne, maana fungu nene la pembe moja hupasuka resini kirahisi, na mkwaruzo wa juu unakuta 45 kabla ya kuzifikia tabaka zinazobeba mzigo.