Mikorosho ya Nani? Ukoo wa Mama na Daftari la Chama

Watu wengi wa mikoa mingine, wakitajiwa mwanamke wa Mtwara au Lindi, hukumbuka unyago na papo hapo hutoa hukumu kwamba binti wa kusini hufundwa kumnyenyekea mume na kwamba hapo ndipo maisha yake yanapoishia. Wapo pia wanaohukumu kinyume chake: kwa kuwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, basi kusini ni kwa wanawake na wanaolalamikia unyonge wao wanatia chumvi. Hukumu zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zote zinalipita jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko mila na mafunzo ya somo, yule mwanamke anayewafunda mabinti unyagoni, nalo ni pesa ya korosho na jina la mtu anayelipwa.

Tuanze na ukoo. Kwa desturi ya zamani, ambayo sehemu nyingine bado ina nguvu, mwanamume akioa huhamia kwa kina mke, hulima ardhi ya ukoo wa mke, na watoto huhesabiwa kuwa wa ukoo wa mama yao. Mwanamke anayeishi katikati ya mama, dada na mama wadogo zake hawezi kuonewa kirahisi kama aliyepelekwa ugenini peke yake. Hata hivyo, kauli ya mwisho kuhusu ardhi na ndoa kwa kawaida ilikuwa ya mjomba, kaka wa mama, na mjomba ni mwanamume. Ukoo kupita kwa mama hakumaanishi kwamba mama ndiye mwenye amri.

Kisha ikaja mikorosho. Mahindi na mihogo huvunwa yakaisha, lakini mkorosho huishi miaka mingi na huzaa kila msimu, na kwa desturi mti ni wa aliyeupanda hata kama ardhi si yake. Hapa ndipo hoja ya wanaume inapostahili kusikilizwa bila kejeli. Mwanamume aliyesafisha pori kwa wakwe, akapanda mikorosho na kuitunza kwa miaka, anajua kwamba ndoa ikivunjika huenda akaondoka na nguo zake tu huku miti, ingawa kwa desturi ni yake, ikibaki mikononi mwa watu wa mke. Tena, kwa mila ileile, mali yake mwenyewe ingepaswa kurithiwa na wapwa zake, watoto wa dada yake, ilhali waliookota korosho pamoja naye ni watoto wake wa kuwazaa. Haishangazi kwamba wanaume wengi walihamia kwenye mashamba yao wenyewe na kushikilia urithi wa baba kwa mwana, ambao Uislamu pia unautambua. Jina lake lililoandikwa kwenye daftari la chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anaona ndiyo kinga pekee aliyo nayo.

Tatizo ni kwamba kinga hiyo inaifunika kazi ya mtu mwingine. Mwanamume hupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kazi nzito na ya hatari ambayo haifai kubezwa. Mwanamke hupalilia chini ya miti, na msimu ukifika huinama tangu alfajiri akiokota, huinyonyoa korosho kutoka kwenye bibo, tunda la mkorosho, moja baada ya nyingine, huianika, huichambua na kuitia guniani. Siku ya kupima, anaweza kuwa yeye aliyelifikisha gunia hilo ghalani kichwani, lakini karani akiuliza jina, linalotajwa ni la mume. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulipoanza Mtwara katika msimu wa 2007/08, jina hilo limezidi kuwa na uzito, kwa sababu malipo huja baada ya mnada na siku hizi huingia kwenye akaunti ya benki ya aliyesajiliwa.

Watetezi wa utaratibu huu husema kaya ni moja, na kuigawa kwenye daftari ni kuwapandikizia wanandoa ugomvi. Hoja hiyo ina mantiki mahali palipo na maelewano. Lakini mwanamke mwenye haja ya sare ya shule, akijua kwamba malipo rasmi hayatapita mkononi mwake, ana kila sababu ya kuchota korosho kidogo na kumuuzia mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo nje ya ushirika, kwa bei ya kutupa. Viongozi humwita mhujumu wa ushirika, na kwa sheria kangomba ni kosa, ila sijasikia wengi wakiuliza kwa nini duka la magendo ndilo pekee lisilouliza jina la mume.

Pwani nako mgawanyo wa kazi umewahi kupinduliwa na bei. Kukamata pweza kwenye miamba maji yakitoka kulihesabika kuwa kazi ya wanawake, wanaume wakienda kina kirefu kwa vyombo. Pweza alipopata wanunuzi wa kupeleka nje, wanaume nao wakaingia, wakizamia mpaka wanawake wasipofika. Anayesema majukumu haya ni ya asili na hayabadiliki aueleze mwamba huo.

Sheria haina kigugumizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini mama huyo mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mume alizitumia ovyo. Na mahakamani watu hufika ndoa ikiwa imeshakufa.

Kwa hiyo naegemea upande wa kusajili miti badala ya kaya: mikorosho kadhaa kwa jina la mke na akaunti yake, mingine kwa jina la mume, wakati wote wawili wakiwa hai na wakielewana. Hofu ya mwanamume anayelima kwa wakwe ingepungua pia, kwa sababu miti yake ingeandikwa kuwa yake mbele ya chama na serikali ya kijiji. Kuna gharama: mume anaweza kukataa kupulizia miti isiyo yake, na mke atalazimika kukodi mtu wa mashine na kununua mafuta kabla hajaona senti. Wajane na walioachika wanafanya hivyo tayari kila kiangazi.