Pengwini Tennessee: katuni ya elimu au tangazo lililovishwa somo?

Mwaka 1963 kituo cha CBS cha Marekani kilianza kurusha katuni ya pengwini mmoja mjuaji, Tennessee, na rafiki yake Chumley, walrasi (mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu) mnene na mzito wa kuelewa, wanaoishi katika bustani ya wanyama ya mji wa kubuni uitwao Megapolis. Katuni hiyo, Tennessee Tuxedo and His Tales, ilitengenezwa hadi 1966. Tennessee hapendi kufungiwa, na kila kipindi huja na mpango mpya: mara aboreshe maisha ya wanyama wenzake, mara atoke nje akathibitishe kwamba kazi ya binadamu naye anaiweza. Mpango ukikwama, yeye na Chumley hukimbilia kwa Profesa Phineas J. Whoopee. Profesa hufungua kabati lililosheheni makorokoro, yote yakamporomokea, kisha akachomoa ubao mweusi ambao michoro yake inatembea. Hapo ndipo somo linapoanza: simu inavyopitisha sauti, wenzo unavyonyanyua mzigo, mvuke unavyosukuma mashine.

Zaidi ya miaka 60 imepita, na katuni hii bado inafaa kupimia ubishi ambao wazazi na walimu wanaufahamu vizuri. Je, vichekesho vinafundisha, au vinamtuliza mtoto tu huku mtu mzima akijipa moyo kwamba mtoto anasoma? Mimi niko upande wa wanaosema vinafundisha. Lakini upande wa pili una hoja nzito, na sioni sababu ya kuzikwepa.

Hoja ya kwanza ni ya fedha. Katuni ilitungwa na Total TeleVision, kampuni ya watu waliotoka kwenye wakala wa matangazo ya biashara, na aliyewalipa alikuwa General Mills, mtengenezaji wa nafaka za kifungua kinywa. Joe Harris, mchoraji wao, ndiye pia aliyemchora sungura anayetangaza nafaka za Trix. Kazi ya uhuishaji ilipelekwa Mexico, ambako ilikuwa rahisi kwa bei. Na wakati wenyewe unaeleza mengi. Mei 1961 Newton Minow, mwenyekiti mpya wa FCC, chombo cha serikali kinachosimamia utangazaji Marekani, alisimama mbele ya wenye vituo akawaambia kwamba televisheni yao ni nyika tupu. Baada ya karipio lile, kipindi cha watoto chenye somo ndani yake kilikuwa kinga nzuri. Mwenye shaka atasema basi kwamba Profesa alikuwa kibali cha kuingilia sebuleni, na biashara yenyewe ilikuwa nafaka zenye sukari.

Yaliyotokea baadaye yanampa nguvu mwenye shaka huyu. Sheria ya Televisheni ya Watoto ya mwaka 1990 ilipoanza kuvibana vituo, baadhi yao vilidai kuwa The Flintstones na The Jetsons, vichekesho vitupu, ni vipindi vya elimu. Kujibandika jina la elimu hakugharimu kitu. Hata hivyo, hapo hapo ndipo ninapoiona tofauti. Ukimwondoa Profesa kwenye hadithi za Tennessee, hadithi haiendi popote, maana pengwini amekwama kweli na hana pa kutokea bila maelezo yale. Na maelezo ya wenzo yakiwa sahihi ni sahihi, hata kama aliyeyalipia anauza nafaka.

Hoja ya pili inanigusa zaidi, nayo inahusu wanyama wenyewe. Pengwini ni ndege wa nusu ya kusini ya dunia. Walrasi ni mnyama wa bahari za barafu za kaskazini. Katika maisha yao ya asili hawaonani. Wakikutana, ni kwa sababu kuna binadamu aliyewakamata na kuwaweka pamoja. Katuni inajenga urafiki mzima juu ya jambo hilo. Mtoto anaweza kutazama vipindi vingi akaijua telegrafu na asijue pengwini anakula nini. Utaniambia kwamba hata Sungura na Fisi wa ngano zetu hawakuwa somo la wanyamapori, nami nakubali. Ila waliosimulia ngano zile walimjua fisi, walimsikia usiku akizunguka zizi. Mtoto wa mjini aliyemwona pengwini kwenye kioo cha televisheni tu hana pa kusahihishia. Hapa wapinzani wameshinda.

Tena kuna swali la kufungiwa. Mkurugenzi wa bustani, anayemrudisha Tennessee kila anapovuka mipaka, ameitwa Stanley Livingston, utani juu ya Waingereza wale wawili waliokutana Ujiji mwaka 1871. Kwetu sisi tuliosomeshwa habari za Ujiji darasani, jina hilo kupewa msimamizi wa vizimba lina uzito wake. Pengwini analalamika kwamba anataka uhuru, anacheka, anarudishwa, na wiki inayofuata mambo ni yale yale. Katuni ililigusa swali kubwa kisha ikalipita. Na wahusika wakuu wote ni wa kiume, kuanzia mwalimu hadi wanafunzi. Kwa msichana aliyetazama akitaka kuwa mhandisi, hilo si jambo dogo.

Sasa kwa nini bado naitetea? Kwa sababu ya wakati ambapo somo linakuja. Kijana anayejifunza ufundi wa magari chini ya mwembe haelezwi kabureta siku ya kwanza. Anaelezwa siku gari la mteja limegoma kuwaka, na siku hiyo anasikiliza kwa masikio yote. Tennessee naye humwendea Profesa akiwa na shida mkononi. Mtafiti Shalom Fisch aliliweka jambo hili kitaalamu mwaka 2000: somo likiwa pembeni ya hadithi, viwili hivyo vinagombania akili ya mtoto, na mara nyingi hadithi hushinda. Somo likiwa ndani ya hadithi, kuifuata hadithi ndiko kujifunza.

Halafu kuna ule ubao. Chukua simu ya waya. Sauti inatikisa kiwambo, mtikisiko unabadili mkondo wa umeme, mkondo unapita kwenye waya, na upande wa pili sumaku inatikisa kiwambo kingine hadi sauti isikike tena. Mwalimu mwenye chaki atachora, atafuta, atachora tena, na mtoto wa nyuma atakuwa ameshapotea. Mchoro unaotembea unamwonyesha mwendo wenyewe. Kwa somo la namna hii katuni inalizidi darasa, na sioni aibu kulisema hilo.

Kilichokosekana zaidi ni kipimo. Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, ilipoanza mwaka 1969 iliwaweka watafiti ndani ya kazi tangu mwanzo, wakiangalia watoto wanashika nini. Huku kwetu, katuni ya Akili and Me ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam ilipimwa kwa watoto wa Morogoro, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yakaonyesha kwamba walioitazama walipiga hatua zaidi katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Tennessee aliishi katika zama ambazo mtengenezaji aliaminiwa kwa neno lake, na kingine kilichonitia wasiwasi ni kwamba mipango yake mingi huishia kwenye vurugu hata baada ya kufundishwa. Mtoto anacheka, lakini picha anayobaki nayo ni ya maarifa yaliyoharibika mikononi mwa aliyeyaomba.

Anayetengeneza katuni ya elimu leo angefanya vema kuchukua kwa Profesa Whoopee ule wakati wa somo na ule ubao, kisha amwache mhusika wake afaulu mara kwa mara mbele ya macho ya mtoto. Na akimtumia pengwini, kipindi kimoja kimhusu pengwini mwenyewe: jinsi dume wa aina kubwa kuliko zote anavyobeba yai juu ya miguu yake kwenye baridi ya Antaktika kwa zaidi ya siku 60 bila kula. Somo hilo lingeingia kwenye ubao wa Profesa bila shida yoyote, na Chumley angepata maswali mengi ya kuuliza.