Mnaotaka Ishara, Someni Habari za Trofimo

Nguzo za stima Nairobi zimejaa mabango ya krusedi: njoo na mgonjwa wako, njoo upokee muujiza wako. Mimi ni Mkristo na naamini Mungu huponya. Kinachoniuma ni kuona uponyaji umefanywa kipimo cha imani. Kanisa lisilo na shuhuda za ajabu linaitwa kanisa lililokufa, na mgonjwa asiyepona anaulizwa ameficha dhambi gani.

Yohana sura ya 6 inasimulia Yesu alivyolisha wanaume wapatao elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Kesho yake watu walewale wakavuka ziwa hadi Kapernaumu, na huko wakamtaka afanye ishara ndipo wamwamini. Ishara gani tena, na jana walikula wakashiba? Kabla sura haijaisha, wengi wameshamwacha. Na ule ulikuwa muujiza wa kweli.

Sisi tumekimbilia hata isiyo ya kweli. Juni 1988, huko Kawangware, mtaa wa Nairobi, mtu mwenye kanzu nyeupe na kilemba alitokea kwenye ibada ya mhubiri Mary Akatsa, na watu wakaamini wamemwona Yesu. Gazeti la Kenya Times likachapisha picha. Mathayo 24 ilikuwa imekwisha kutuonya: wakisema yuko jangwani, msitoke. Mwaka 2014 runinga ikafichua mhubiri wa jijini ambaye maji yake ya kuoshea watu miguu yaligeuka mekundu kama damu, kumbe ni kemikali iitwayo potasiamu pamanganeti. Ibada zake hazikufa.

Wanaogawa vitambaa vya upako hupenda Matendo 19:12, pale leso zilizotoka mwilini mwa Paulo zilipopelekwa kwa wagonjwa wakapona. Sawa, imeandikwa. Lakini Paulo huyohuyo anamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Katika 2 Timotheo 4:20 anasema, bila kuona haya, kwamba alimwacha mwenzake wa safari, Trofimo, akiwa mgonjwa katika mji wa Mileto. Paulo mwenyewe alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba mwilini, akajibiwa kwamba neema yamtosha. Hakuna aliyemwambia Trofimo imani yake ni haba. Leso hazikukosekana, Paulo alimwacha rafiki yake kitandani akaendelea na safari, na bado alikuwa mtume.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu wapo watu katika mji huu walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, au za kisukari, wakiambiwa kidonge ni dalili ya shaka. Anayewaambia hivyo anacheza na roho za watu. Halafu mgonjwa akizidiwa, lawama ni zake, na maombi ya kesha yanaendelea na wengine.

Wachungaji, tuhubirieni Trofimo. Na saa ya ushuhuda ikifika, mpeni maikrofoni yule mama anayekwenda kusafishwa damu kila wiki, figo hazijarudi, na Jumapili yuko kwenye kiti chake akiimba. Msimwombee kwanza. Mwacheni aongee, na msimkatize hata akipitisha dakika zake.