Makosa: 0

Kwanza kabisa, sikulia. Ninyi mliokwisha kupokea toleo la yule rafiki yangu la yaliyonipata kikaoni, lile la sauti ambalo anacheka mpaka anakohoa, naomba mfute kipande cha machozi. Mwanga wa projekta ulikuwa unanipiga machoni. Mengine yote, kwa masikitiko, ni kweli.

Ile makro yangu ya Excel, yaani msururu wa amri unaojiendesha wenyewe, mnaijua, maana nimewaringia nayo hapa wiki mbili. Kitufe kimoja cha kijani: inasafisha shiti ya muda, inachota data kutoka shiti kuu, inajumlisha, inahifadhi faili. Kazi ya siku nzima kwisha kabla hujapiga chafya. Mwanzoni ilinigomea. Ikifika mahali inasimama na kutoa kosa namba 13, aina za data hazilingani, kwa sababu kuna mtu alijaza neno "bado" kwenye kisanduku cha namba. Ukiiambia VBA, lugha ya kuandikia makro, ijumlishe 450 na "bado", inakataa. Mimi ningejumlisha.

Mtu mwenye subira angeweka IsNumeric, kila kisanduku kikaguliwe kwanza kama kina namba. Mimi nikaokota mstari mmoja mtandaoni nikaubandika juu kabisa ya msimbo: On Error Resume Next. Yaani ukijikwaa usipige kelele, ruka, nenda mstari unaofuata. Kosa likanyamaza palepale. Nikajiona fundi. Mficha maradhi... malizieni wenyewe, mimi sina nguvu.

Halafu nikaongeza mbwembwe. Mwisho wa makro nikaweka kisanduku cha ujumbe: "Hongera! Kazi imekamilika. Makosa: 0." Ile sifuri hakuna kitu kilichoihesabu. Niliiandika kwa vidole vyangu, kama mwanafunzi anayejisahihishia mtihani.

Usiku wa kuamkia kikao nikaamua kulipamba faili. Rangi kidogo, mistari kidogo, na shiti ya muda nikaipa jina jipya, "Matokeo". Jina hilo nililinakili kutoka kwenye barua pepe, nikalibandika shitini, kumbe limekuja na nafasi tupu mwishoni. Kwenye msimbo nikaliandika bila ile nafasi. Kwa macho ni jina lilelile. Kwa Excel ni watu wawili wasiojuana.

Sasa kikaoni. Taa zimezimwa, shiti kuu iko ukutani, maelfu ya mistari ya kazi ya watu. Bosi amekaa mbele, mikono kifuani. Nikasema, na hapa yule rafiki hajatia chumvi hata punje, "Tazameni kwa makini, maana ni haraka sana."

Nikabonyeza.

Hebu niwaelezeni kilichotokea mle ndani. Makro ikatafuta shiti ya "Matokeo" ili ihamie huko. Haikuiona. Hilo ni kosa namba 9, na siku nyingine ingesimama na kunipigia kelele. Lakini nilikuwa nimeshaifunga mdomo. Ikaruka, ikaenda mstari unaofuata. Na mstari unaofuata, ndugu zangu, ulikuwa Cells.Clear. Futa visanduku vyote. Vya shiti gani? Vya ile iliyo wazi mbele yako. Iliyo wazi mbele yangu, na mbele ya bosi, na ukutani kwa upana wa mita mbili, ilikuwa shiti kuu.

Ukuta ukawa mweupe. Kimya. Feni ya projekta tu inavuma. Kisha katikati ya weupe ule kikachomoza kisanduku changu kidogo, kimejaa furaha: "Hongera! Kazi imekamilika. Makosa: 0."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Alidhani ndiyo ilivyo.

Bosi akauliza taratibu, "Data iko wapi?" Nikasema inapakia. Mnanicheka, lakini ningesema nini? Nikabonyeza Ctrl+Z. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena, kwa heshima zaidi. Hakuna. Makro ikishabadilisha shiti, historia ya kutendua inafutika, huwezi kurudi nyuma. Bosi akasema, "Bonyeza tena kile cha kijani, labda itarudi." Nami, mbele ya mashahidi kumi na mmoja, nikabonyeza tena. Ikanipongeza tena. Makosa: 0.

Nikasema basi, nalifunga faili bila kuhifadhi. Hapo ndipo nikakumbuka mstari wa mwisho wa makro: ThisWorkbook.Save. Ilikuwa imekwisha kuhifadhi. Mara mbili.

Yaliyofuata ni mafupi. Rafiki yangu alikuwa na nakala ya juzi kwenye barua pepe yake, tukajaza upya kazi ya siku moja, bosi hakusema kitu, na kutosema kwake kulikuwa kurefu. Jioni nikaung'oa ule mstari, nikaendesha makro juu ya nakala, ikasimama palepale na kuupaka rangi ya njano mstari wenye jina la shiti. Sekunde moja. Siku zote ilikuwa tayari kuniambia.

Leo asubuhi nimeiandika upya kiutu uzima. On Error GoTo Tatizo, yaani ukijikwaa nenda sehemu ya Tatizo, na chini kabisa sehemu ya Tatizo inayotaja namba ya kosa kwa Err.Number. Nikamwita rafiki yangu ashuhudie. Nikabonyeza. Data ikaja yote, jumla sahihi, kila kitu mahali pake. Kisha kikatokea kisanduku: "Kuna tatizo! Kosa namba 0."

Nilisahau kuweka Exit Sub, amri ya kuishia hapo, kabla ya sehemu ya Tatizo, kwa hiyo makro ikimaliza kazi salama inateremka hadi humo na kulalamika bure. Nikageuka nimweleze. Alikuwa ameshaanza kurekodi.