Mchuaji, usimwambie mteja pingili imehama

Mteja amelala kifudifudi, mchuaji anapitisha vidole kiunoni, kisha anatoa hukumu: "Pingili imehama. Na misuli imejaa mafundo ya sumu." Mteja huinuka na nafuu, lakini anaondoka na hofu ambayo hakuja nayo. Kuanzia siku hiyo hainui ndoo, na akiinama huinama kama aliyebeba mayai. Naamini hayo ndiyo madhara makubwa zaidi ya kazi yetu, na hayatoki mikononi. Yanatoka mdomoni.

Pingili za kiuno zimeshikwa na kano nene na misuli. Hazichomoki kwa kufagia, wala kidole gumba hakizirudishi. Hata picha ya MRI inahitaji kusomwa kwa uangalifu: uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti 33 za watu wasioumwa mgongo ulikuta diski (vile vimto vilivyo kati ya pingili) zilizochakaa kwa 37% ya wenye miaka 20, na 96% ya wenye miaka 80. Watu hao walikuwa wakiendelea na shughuli zao.

Na sumu? Asidi ya laktiki, ambayo misuli huitoa ikifanya kazi ngumu na ndiyo wengi huiita sumu, hupungua yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Haisubiri mafuta ya nazi. Fashia nayo, utando unaofunika misuli ambao tunadhani tunaulegeza, ni ngumu mno. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba kuivuta ile ya unyayo au ya ubavu wa paja ibadilike umbo kunahitaji nguvu ambayo mkono hauna.

Basi kwa nini mtu hupata nafuu? Kwa sababu tunazungumza na mfumo wa fahamu. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza kwamba taarifa za mguso zinaweza kuzuia taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo, ndiyo maana mtu akijigonga hujisugua palepale. Pia ngozi ina nyuzi za fahamu zinazoitikia hasa mpapaso wa polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde. Mwili ukijiona salama, hulegeza ulinzi wake. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila mara nyingi ni ya muda mfupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja kuchua miongoni mwa yanayoweza kufaa, pamoja na mazoezi na elimu. Mikanda ya kiuno na kuvuta mgongo haukuvipendekeza.

Kwa hiyo anza kwa kumpima. Mwambie ainame taratibu, uone vidole vinafika wapi: gotini, au katikati ya muundi? Kisha kiganja kizima, polepole, dakika 5 za mwanzo bila kuchimba. Mpe kipimo cha 0 hadi 10 cha maumivu na usivuke 4. Akibana pumzi, akikunja vidole vya miguu, au misuli ikigangamaa chini ya mkono wako, umezidisha: mwili umerudi kujilinda, na ukiongeza kiwiko unashindana nao. Alama za bluu kesho yake ni mishipa midogo ya damu iliyopasuka. Si dalili ya kupona.

Baada ya dakika 20 au 30, mwinamishe tena. Mara nyingi atashuka zaidi ya mwanzo. Hapo ndipo maneno yanapohitajika: "Mgongo wako ni imara, ulikuwa umejihami tu. Ukiwa umelegea hivi, inama mara 10 asubuhi na 10 jioni, na utembee kila siku." Bila hilo zoezi huenda akarudi wiki ijayo na maumivu yaleyale.

Wapo wa kutowagusa kabisa. Ganzi sehemu za siri na matakoni, au mkojo usiozuilika au usiotoka, ni hospitali siku hiyohiyo. Shavu la mguu mmoja lililovimba, lenye joto na linalouma huenda lina damu iliyoganda. Ukilichua, bonge la damu linaweza kusafiri hadi mapafuni. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda bila sababu, mzee aliyeanguka: weka mafuta chini, mpeleke kwa daktari.