Shosho hakungoja mkoba wa serikali
Mwandishi wa makala kuhusu shosho, yaani bibi mmoja wa mtaa wa Mathare, Nairobi, anasema alianza kuhudumia jamii mwaka 2023, serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwagawia mikoba ya kazi. Hapo sikubaliani naye. Tuliishi ploti moja, na miaka mingi kabla ya mkoba huo alikuwa akipita mlango kwa mlango na daftari lililofungwa kwa mpira, ndani yake utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kifungua mimba wangu alipokonda baada ya kuharisha, utepe ule ulisoma nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Shosho hakusema neno, alimfunga mgongoni kwa leso yake, mjukuu wake mdogo akamshika sketi, tukaenda naye hadi kliniki akapewa ile lishe ya karanga ya pakiti. Nauli ya kurudi alitoa yeye. Hata zile shilingi 5,000 za mwezi wanazolipwa wahudumu hao, nusu ya kaunti na nusu ya serikali kuu, zilimkuta ameshazeeka, na zilipoingia zilikwenda kwa karo ya wajukuu aliowalea peke yake. Mwanangu sasa yuko sekondari. Nani mwingine hapa alipimiwa mtoto na shosho?