Kabla ya Kulaumu Macho, Nyoosha Fimbo

Kaa kidogo kwenye klabu yoyote yenye meza ya snuka, hutachelewa kusikia mtu akisema, "Nimelenga vibaya." Mpira mwekundu umegonga taya la mfuko, umerudi katikati ya meza, na mwenyewe anainuka akitikisa kichwa. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi mtu huyo amelenga vizuri kabisa, ila fimbo yake haikwenda pale alipolenga. Na kwa kuwa anaamini kasoro ni ya jicho, atahangaika na pembe na video za wataalamu kwa miezi, na kosa linaendelea kukaa mkononi.

Piga hesabu uone. Mpira wa snuka una kipenyo cha milimita 52.5. Weka wa bluu kwenye alama yake katikati ya meza, uupige kuelekea mfuko wa kona, safari ya karibu mita 2. Mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo ili ugonge mwingine, ukifika umepotoka milimita 1 tu kutoka pale ulipotakiwa kugusa, wa bluu utafika mfukoni umepotoka karibu sentimita 4. Hapo mpira hauingii. Milimita 1 hiyo ni kiwiko kilichofunguka kidogo, au bega lililoshtuka wakati wa kupiga. Hakuna jicho duniani litakaloirekebisha baada ya fimbo kuondoka.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumeingia kwenye mchezo huu kupitia pool ya baa. Meza ya pool ni fupi, mipira ni mikubwa zaidi, na mfuko unapokea hata mpira uliokuja kombokombo. Mtu anaweza kuwa mfalme wa mtaa kwa miaka huku fimbo yake inapinda kila anapopiga, asijue. Anapohamia kwenye meza ya futi 12 kwa 6, kila kitu kinaanikwa. Simdharau mchezaji wa pool hata kidogo. Ana moyo wa ushindani na anasoma mipira haraka. Ninachosema ni kwamba meza ndogo imemfichia siri moja, na anastahili kuijua mapema.

Namna ya kuijua ni hii, nami naipenda kuliko zoezi lingine lolote. Ondoa mipira yote. Weka mweupe kwenye alama ya kahawia, ile ya katikati ya mstari wa upande wa kuanzia, uupige kwa nguvu ya wastani upite juu ya alama ya bluu, ya pinki na ya nyeusi, ugonge ukingo wa mwisho na kurudi. Ukishapiga, usinyanyuke. Acha fimbo palepale ilipoishia, kidevu kikiwa bado juu yake, usubiri. Fimbo ikiwa imenyooka, mpira utarudi uguse ncha yake.

Usipogusa, tazama ulikopotelea. Kama ulianza kwenda kando mapema, kabla hata ya kufika kwenye bluu, basi mwelekeo wa fimbo ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Kama ulipita sawa juu ya alama zote lakini ukarudi upande mmoja, umeupiga nje ya kitovu, ukaupa mzunguko wa pembeni bila kujua, na ukingo ukaufichua. Hizo ni kasoro mbili tofauti na tiba zake ni tofauti. Usipige taratibu mno, kwa sababu kitambaa cha snuka kina manyoya yaliyolalia upande mmoja na mpira wa polepole huyumba, ukadhani umekosea wewe. Ukitaka ushahidi mkali zaidi, azima mpira wenye mstari kutoka meza ya pool, simamisha mstari wima ukielekea mbele, kisha piga. Mstari ukiyumbayumba, hukupiga katikati.

Tiba yenyewe iko mwilini. Mshiko kwanza: watu wanaikaba fimbo, na mkono unaokaba huivuta kando inapoenda mbele. Shika kiasi cha kuifanya isianguke, basi. Kigasha kining'inie wima kutoka kwenye kiwiko ncha inapokaribia mpira mweupe, na kiwiko kibaki juu mpaka mpira uwe umeondoka. Mkono wa mbele, ule unaofanya daraja, ukandamize kitambaa kwa vidole vilivyotanuliwa. Daraja likitikisika hakuna kinachobaki. Halafu ile haraka ya kurudisha fimbo nyuma. Irudishe polepole, tulia kidogo kule nyuma, ndipo uiachie. Kwa ninavyoona, fimbo nyingi hupinda pale pale inapogeuka kutoka nyuma kwenda mbele.

Kuhusu kuinuka mapema sitasema mengi. Kila mtu anajua ni kosa na kila mtu anafanya, kwa sababu anataka kuona mpira ukiingia. Utauona tu ukiwa umelala palepale.

Sisemi macho hayana kazi. Joe Davis, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1927 na 1946, alikuwa na jicho la kulia dhaifu, akawa anapitisha fimbo chini ya jicho la kushoto. Dennis Taylor alivaa miwani mikubwa iliyopanda juu ya nyusi, iliyoundwa ili anapoinama aone kupitia katikati ya kioo na si kwenye ukingo wake, na kwa miwani hiyo alimshinda Steve Davis 18-17 kwenye fainali ya dunia ya 1985, kwa mpira mweusi wa mwisho. Hawa walishughulikia macho yao ili wauone mstari ulio kweli. Nyoosha kidole kuelekea kitu cha mbali, fumba jicho moja kisha lingine. Jicho lililo wazi wakati kidole hakihami ndilo linaloongoza, na fimbo itapita karibu zaidi na upande huo wa kidevu. Mtu anayelazimisha fimbo katikati ya kidevu kwa sababu bingwa fulani anafanya hivyo anaweza kuwa anauona mstari wa uongo kila siku.

Mstari ukishakuwa wa kweli na fimbo ikaufuata, kulenga kunakuwa kazi nyepesi kuliko tunavyoambizana. Anza na nusu mpira: elekeza kitovu cha mweupe kwenye ukingo wa mpira unaotaka kuuingiza, nao utatoka kwa pembe ya takriban nyuzi 30. Pembe hiyo ukiizoea, nyingine unazipima kutokea hapo, nene kidogo (mweupe ukigonga sehemu kubwa zaidi ya mpira) au nyembamba kidogo. Chagua mstari ukiwa umesimama nyuma ya mpigo, utembee uingie ndani yake, na ukishainama usiurekebishe kwa kusukuma mkono. Ukiona hauko sawa, simama uanze upya. Macho yapishane kati ya mipira miwili unapopima, lakini wakati wa kupiga yatulie kwenye ule unaolengwa.

Kinachotukwamisha zaidi ni bei. Ukilipa kwa mchezo au kwa saa, nani atakubali kuupeleka mweupe juu na chini peke yake huku rafiki zake wanasubiri zamu? Kila shilingi inaenda kwenye kushindana, ndiyo maana unakutana na watu wenye miaka mingi mezani na kosa lilelile. Wakati huohuo, asubuhi za siku za kazi meza nyingi zimefunikwa shuka. Ninyi wenye klabu, wekeni bei ya mazoezi kwa saa hizo, nusu ya ile ya jioni, kwa mchezaji mmoja mmoja, na muwape nafasi ya kwanza vijana wanaotoka kwenye pool. Kitambaa hakitachakaa kwa mpira mmoja mweupe.